Mikono Hiyo Ina Mechi

Kabichi zilikuwa arobaini, na zote zilikuwa zikioga. Zilijazwa kwenye beseni kubwa la bafuni, zimepasuliwa katikati na kutiwa chumvi jani kwa jani, na juu yake Ok-rye alikuwa ameweka ubao na ndoo mbili za maji ili zisielee. Vijana wa nyumba ile walijua kwamba siku ya kabichi hakuna anayeoga. Walijipangusa kwa taulo bichi, wakajipulizia manukato, wakarudi kwenye kompyuta zao.

Maeng Ok-rye alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja wa kupika pale. Nyumba yenyewe ilikuwa ya timu: orofa mbili za kupanga katika mji wa Bucheon, ambamo wachezaji wa gemu la vita waliishi pamoja, wakalala vitanda vya juu na chini, na kufanya mazoezi saa kumi na mbili kwa siku. Walimwita mama mdogo, nusu kwa heshima na nusu kwa njaa. Zamani walikuwa kumi na wanne, na wasichana walipanga foleni mlangoni na keki za siku ya kuzaliwa. Sasa walibaki wachezaji wanne na kocha. Hata hivyo, ilipofika Novemba, wakati wa kutengeneza kimchi, ile achari ya kabichi ya kuliwa majira yote ya baridi, Ok-rye aliagiza kabichi za watu kumi na wanne. Ukimuuliza kwa nini, angekwambia kwamba kununua kabichi za watu watano ni sawa na kutangaza msiba kabla mgonjwa hajakata roho.

Bwana Tak alifika Jumatano hiyo saa kumi jioni. Alikuwa naibu mkuu wa matangazo wa kampuni iliyoidhamini timu, kampuni ya magodoro. Jina la kampuni lilishonwa mgongoni mwa kila koti la timu, na kwa miaka sita haikuwahi kuleta godoro hata moja. Aliomba kunawa mikono, akafungua mlango wa bafu, akasimama.

"Hizi ni nini?"

"Kabichi," alisema Ok-rye.

"Naona ni kabichi. Mbona ziko bafuni?"

"Jikoni hazienei. Kwani kwenu mama yako huwa anazilaza wapi?"

Kwao Bwana Tak pia, enzi za utoto wake, siku ya kabichi hakuna aliyeoga. Alinawa jikoni, akawaita wote mezani.

"Nitasema kwa ufupi," alisema, kisha akasema kwa urefu. Gemu lao lilikuwa limepitwa. Watoto wa shule wamehamia kwenye lile la watano kwa watano na lile la bunduki. Hakuna tena mwenye subira ya kujenga jeshi kwa dakika ishirini ili apigane kwa dakika mbili. Televisheni imewasukumia mchana, saa ya vipindi vya dawa za magoti. Mechi iliyopita ilikuwa na watazamaji arobaini na watatu ukumbini. "Na kumi na mmoja kati yao walikuwa wafanyakazi wetu. Tuliwalipia kuku wa kukaanga."

Nyumba ingefungwa Ijumaa. Lori lingekuja asubuhi kuchukua kompyuta. Mechi ya mwisho ya msimu, ya Jumamosi, isingechezwa. Kocha angepiga muhuri barua ya kujitoa, na ligi ingefuta jina la timu daftarini. Kampuni ilikuwa inaanzisha timu nyingine kwa ajili ya gemu jipya, na anayetaka kujaribiwa huko angetia saini kwamba ameondoka hapa kwa hiari yake.

Walimsikiliza kama watu wanaosikia jambo walilokuwa wakilijua. Kisha Mu-yeol akakohoa. Cha Mu-yeol alikuwa nahodha, umri wake miaka ishirini na sita, tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kitanda kile kile cha juu karibu na dirisha. Jumanne ijayo alikuwa anaingia jeshini kutimiza miezi yake ishirini na moja kama kila kijana wa nchi ile.

"Imebaki mechi moja tu," alisema. "Si tuicheze ndiyo iishe?"

"Mkicheza mtafungwa. Mkifungwa, itabaki picha ya jina letu na chini yake neno kufungwa. Mkijitoa hakuna picha."

"Na tukishinda?"

Bwana Tak alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu mzima anayesikia mtoto akisema atakuwa rubani. Kicheko hicho kilimuuma Ok-rye kuliko maneno yote yaliyotangulia, akageuka na kuanza kufuta jiko ambalo lilikuwa safi.

Kabla hajaondoka, Bwana Tak alizunguka na daftari akiandika mali: friji mbili, jungu la wali la umeme, viti kumi na sita. Alipofika bafuni akasita.

"Na kabichi nazo nitaziandika. Zimenunuliwa kwa fedha za kampuni."

"Ziandike," alisema Ok-rye. "Andika na chumvi. Ukija kuzichukua uje na ndoo, zinavuja."

"Na wewe, mama wa jikoni, kuna karatasi yako. Kwamba unaacha kazi kwa hiari."

Chumba cha Ok-rye kilikuwa hapo hapo nyuma ya jiko, na alikuwa na miaka hamsini na saba. "Niache kwa hiari yangu, niende wapi?"

"Karatasi haiulizi hilo."

"Basi iache hapo. Nikipata nafasi nitaisoma."

*

Kesho yake alfajiri alikuta vijana wanamngoja jikoni, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni. Mu-yeol alikuwa ameshika kisu. In-ho, mrefu na mpole, alikuwa amesimama mbele ya gunia la figili nyeupe kama anayepima uzito wake kwa macho. Bo-gyeom alikuwa tayari amechuchumaa bafuni.

"Mnafanya nini?"

"Tunakusaidia, mama mdogo," alisema Bo-gyeom. "Miaka yote unahangaika peke yako."

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata kocha mpya akija huikuta. Mchezaji hashiki kisu. Hakamui kabichi, habebi gunia la mchele, hagusi pilipili mbichi. Kidole kilichokatwa ni mechi iliyopotea, na kiganja kilichoungua hakibonyezi vitufe mara mia tatu kwa dakika. Kwa miaka kumi na moja Ok-rye alikuwa amewafukuza jikoni kwa mwiko. Sasa walikuja wenyewe kuivunja sheria, kwa mapenzi, na alielewa vizuri sana maana yake. Walikuwa wamekubali kwamba mikono yao haina kazi tena.

"Weka kisu hicho," alimwambia Mu-yeol.

"Mama mdogo, mechi haipo. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia yeye. Wewe sijakusikia. Nilikuuliza jana mtacheza au hamchezi?"

"Hukuuliza."

"Nauliza sasa."

Mu-yeol aliwatazama wenzake. In-ho alitazama figili. "Mimi ningecheza," alisema Bo-gyeom kutoka bafuni.

"Basi tokeni jikoni kwangu. Mikono hiyo ina mechi."

Waliondoka mmoja mmoja, isipokuwa wa nne. Sang-jin alikuwa na miaka ishirini, mdogo wao wote, mwenye kasi kuliko wote. Alibaki ameinamisha kichwa karibu na friji.

"Mimi sina mechi, mama mdogo," alisema. "Nimetia saini usiku. Naenda kwenye gemu jipya. Bibi yangu yuko hospitali, siwezi kumwambia angoje."

Ok-rye alihisi hasira ikipanda, halafu ikakosa wa kumwangukia. Alifungua droo, akamtolea glavu za mpira za waridi na kizibao cha kazi chenye maua ya zambarau, kile ambacho kila mama wa nchi ile hukivaa siku ya kabichi.

"Nani kakulaumu? Vaa. Na pilipili uipake mpaka ndani, si juu juu kama poda."

Walisuuza, wakachuja maji, wakaketi sakafuni kuzunguka karai la pilipili, figili, vitunguu na uduvi wa chumvi, wakijaza kabichi jani kwa jani. Sang-jin alifanya kazi vizuri. Mara mbili alifuta macho kwa bega akisingizia vitunguu, na Ok-rye akakubali kwamba vitunguu vya mwaka huu ni vikali.

Saa tano kocha aliingia. Yang Dae-pil alikuwa mchezaji zamani, mpaka kifundo cha mkono kilipomwangusha. Sasa alikuwa na mke na pacha wa miaka minne, na kampuni ilikuwa imemwahidi kazi kwenye timu mpya. Alitoa mfukoni muhuri wake wa mti, mwembamba kama kidole, uliosajiliwa serikalini, ule ambao bila alama yake barua yoyote ya timu ilikuwa karatasi ya kufungia samaki. Akauweka sakafuni kando ya karai.

"Bwana Tak anakuja saa tisa. Anataka muhuri kwenye barua ya kujitoa."

"Najua," alisema Ok-rye.

"Mtu mwenye akili angeupiga akaenda zake."

"Najua."

"Nikikataa, ile kazi sina."

"Hilo nalo najua, kocha."

Dae-pil alisimama kidogo akitazama kabichi. "Naenda kuvuta sigara."

"Si uliacha mwaka juzi?"

"Naenda kuianza upya," alisema, akatoka bila kugeuka nyuma. Muhuri ulibaki pale pale.

Ok-rye aliutazama. Alisikia hatua za kocha zikishuka ngazi zote, mpaka ya mwisho. Akachukua nusu ya kabichi, akafungua majani ya katikati, akausukuma muhuri ndani, akapaka pilipili mkono mzima, kisha akaifunga kwa jani la nje kama anavyozifunga zote. Akaiweka kwenye mojawapo ya makasha manane ya plastiki ya kuhifadhia kimchi. Sang-jin aliona kila kitu. Akavuta kabichi nyingine, akailaza juu ya ile.

Saa tisa kamili Bwana Tak aliingia na barua.

"Muhuri uko wapi?"

"Asubuhi niliuacha hapa jikoni," alisema Dae-pil, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Wote walimgeukia Ok-rye, ambaye alikuwa mwekundu mpaka viwikoni. "Mimi tangu asubuhi naona kabichi tu. Kama uko humu, utafute. Ziko nusu themanini."

Bwana Tak alifunua kasha la kwanza. Aliitazama pilipili, akatazama shati lake jeupe, akafunika. Muhuri mpya husajiliwa ofisi ya mtaa, na usajili huchukua siku mbili za kazi, yaani mpaka Jumatatu. Aliwaza yote hayo akiwa amesimama, na yalionekana usoni.

"Sawa," alisema. "Hamtajitoa kwa barua, mtajitoa kwa kutofika. Kesho nachukua kompyuta, nachukua gari, nachukua na makoti. Tuone mtaendaje."

"Tutaona," alisema Ok-rye. "Kaa ule kwanza."

Alikuwa amechemsha nyama ya nguruwe na tangawizi, kama ilivyo desturi, na siku ya kabichi hakuna aingiaye nyumbani kwa mtu akatoka hajala, hata kama ni mdai. Bwana Tak alikataa mara moja. Mara ya pili alikula amesimama. Mara ya tatu alikuwa ameketi, anakunja nyama ndani ya kimchi mbichi kwa vidole, mpaka sahani ikaisha.

*

Ijumaa lori lilikuja saa mbili. Wanaume wawili walizishusha kompyuta ngazini huku nyaya zikiburuta. Ok-rye aliwakabidhi makoti yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Alitaka yarudi safi ili mtu asiseme neno. Sang-jin aliondoka na lori hilo hilo, mkoba mgongoni, na kabla ya kupanda aliinama mbele ya Mu-yeol, akashindwa kuinuka mpaka Mu-yeol alipomshika bega.

"Piga mazoezi, mdogo wangu. Huko nako usiwe mvivu."

"Kaka, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Panda, wanakungoja."

Wachezaji watatu na kocha, wakiwa na kibodi zao kwenye mifuko ya plastiki, walikwenda kufanyia mazoezi ukumbi wa kompyuta wa mtaani. Palijaa watoto wa shule wanaopiga bunduki. Mwenye ukumbi, Bwana Ma, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, alisema gemu lao limebaki kwenye mashine tatu tu, za pale karibu na choo. Wakaketi hapo. Kila mlango ulipofunguka, harufu iliwapita kwanza.

Mtoto wa miaka kama kumi na mbili alisimama nyuma ya kiti cha Mu-yeol.

"Kaka, hilo si gemu la akina baba?"

"Baba yako anacheza?"

"Anasema zamani alikuwa hatari."

"Wote husema hivyo."

"Wewe ulikuwa hatari?"

Mu-yeol alivuta kibodi karibu. Miaka saba nyuma alikuwa hawezi kununua soksi katika mtaa ule bila kuombwa saini. Alianza kucheza, na mtoto, ambaye alikuwa anageuka kuondoka, aliiona ile mikono. Alibaki amesimama mpaka wenzake walipomwita mara tatu.

Jioni Ok-rye alifika na chakula. Bwana Ma alimwonyesha kibao: chakula cha nje hakiruhusiwi. Hapo aliuza tambi za moto, na kimchi aliyoweka pembeni ilitoka dukani, imepauka na kulegea. Ok-rye alichukua kipande kwa kijiti, akatafuna, akakunja uso.

"Unawapa watoto wa watu kitu hiki?"

"Wanakula."

"Hata mbuzi angekula. Nina makasha manane, na kesho sina nyumba ya kuyaweka. Wewe una stoo ya chini, yenye baridi. Niwekee. Moja ni lako. Hawa wacheze bure mpaka asubuhi."

Bwana Ma alionja kimchi aliyoileta Ok-rye. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaegemea kaunta.

"Mpishi wangu wa tambi aliacha wiki iliyopita," alisema.

"Hilo tutalizungumza Jumatatu. Jumamosi nina mechi."

*

Kanuni ya ligi ilisema timu ivae sare. Haikusema sare ya nini. Kwa hiyo Jumamosi mchana, katika ukumbi wa ligi jijini Seoul, wachezaji watatu na kocha walipanda jukwaani wamevaa vizibao vya siku ya kabichi, vya maua ya zambarau, vilivyonunuliwa sokoni asubuhi hiyo, na juu yao, kwenye kioo kikubwa, jina la kampuni ya magodoro liling'aa. Watazamaji hamsini na kitu walipasuka kwa kicheko. Mu-yeol aliwaka masikio. Aliinama mbele yao kama ilivyo ada, polepole, mpaka chini, na alipoinuka kicheko kilikuwa kimegeuka makofi. Walikuwapo wanawake watatu waliovaa nguo za ofisini waliokuwa wakimshabikia tangu wakiwa sekondari. Waliandika upya bango lao kwa kalamu nene: MAUA YETU.

Mechi ilitaka wachezaji wanne kwa wanne, na kwao kiti kimoja kilikuwa kitupu, hivyo walianza wameshapoteza mchezo mmoja. In-ho akashinda wa kwake. Bo-gyeom akapoteza, akatoka kwenye kibanda cha vioo anauma midomo. Mu-yeol akashinda. Wakawa mbili kwa mbili, na kwa kawaida ya ligi mchezo wa tano huamua, kila timu ikitoa mtu mmoja imtakaye. Hakukuwa na wa kujadiliwa. Mu-yeol alirudi kibandani, viganja vyake vimebana vifuko vya joto alivyotiwa mfukoni na Ok-rye.

Mpinzani alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, Noh Yeon-jae, na alikuwa bora. Ok-rye, aliyeketi safu ya pili na kasha la chakula magotini, hakujua kubonyeza hata kitufe kimoja, lakini kwa miaka kumi na moja alikuwa amejifunza kusoma vita kutoka migongo ya wachezaji. Dakika ya kumi na tano mgongo wa Mu-yeol ulianza kushuka. Kambi yake ya kwanza iliteketea, kisha ya pili. Dakika ya ishirini na sita hakuwa na askari hata mmoja.

Mchezo ule una adabu yake. Anayeona ameshindwa huandika herufi mbili za kukubali, husimama, akampa mwenzake mkono. Kung'ang'ania ni utovu wa heshima. Watangazaji walikuwa tayari wameanza kushukuru wadhamini.

Mu-yeol hakuandika. Majeshi aliyoyaongoza yalikuwa ya taifa la binadamu, na majengo ya taifa hilo yanaweza kung'oka ardhini na kuelea. Aling'oa jengo moja, la mwisho lililosalia, likiwaka moto. Alilikarabati kwa kibarua wake wa mwisho kabla naye hajauawa, akalipeleka taratibu mpaka pembe ya kaskazini ya ramani, juu ya maji, ambako jeshi la miguu haliwezi kufika. Yeon-jae alitaka kutengeneza ndege za kulifuata. Hakuwa na madini ya kuzilipia. Alikuwa ameyamaliza yote kwenye ushindi wake. Jeshi lake zima lilisimama ufukoni likitazama jengo moja bovu linaelea.

Kanuni ilikuwa wazi: hadi jengo la mwisho livunjwe, hakuna aliyeshinda. Ukumbini mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, wakasimama.

Nje, foleni ya gemu jipya ilikuwa imezunguka jengo, watoto na puto zao, na ukumbi ulikuwa wao kuanzia saa kumi na moja. Meneja wa ukumbi alishuka mbio.

"Mwambieni aandike tu, tumalize. Ameshindwa, kila mtu anaona."

Refa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Ban, aliyevaa miwani ya kamba. "Mimi sioni hivyo," alisema. "Naona jengo."

"Watu elfu mbili wako nje."

"Wana bahati, wana makoti. Hawa hawana."

Bwana Tak naye alikuwapo, nyuma kabisa, amekuja kuhakikisha kwamba hawakufika. Alitembea mpaka kwenye kibanda, akagonga kioo. Mu-yeol alivua kisikizio kimoja.

"Kijana, andika. Unatuaibisha."

"Kampuni yako haijafungwa, bwana. Tazama kile kioo kikubwa. Hakuna picha ya kufungwa."

"Unategemea nini?"

"Sitegemei kitu," alisema Mu-yeol. "Sijashindwa tu."

Akavaa kisikizio chake, akaweka mikono juu ya kibodi, akangoja. Yeon-jae, upande wa pili, naye alingoja. Baada ya dakika kumi na tano Bi Ban aliinua mkono na kutangaza kwamba mchezo haukupata mshindi, na kwa hiyo utarudiwa, siku watakayokubaliana makocha. Timu yenye mechi isiyoisha haifutwi daftarini mpaka iimalize.

Makocha wawili walikutana katikati ya jukwaa.

"Mchezaji wangu anaingia jeshini Jumanne," alisema Dae-pil. "Miezi ishirini na moja. Ukitaka iwe kesho, sawa."

Kocha mwenzake alikuwa mtu wa miaka arobaini, na timu yake nayo ilikuwa imeambiwa ifunge virago mwisho wa mwaka. Alitazama vile vizibao vya maua, akatazama foleni ya puto inayoanza kuingia kwa mlango wa pembeni.

"Sisi hatuna haraka," alisema.

Dae-pil aliichukua karatasi ya refa, ambayo ilihitaji saini tu, si muhuri. Ile kazi ya timu mpya alijua imekwisha. Alisaini hivyo hivyo.

*

Jumanne upepo ulikuwa mkali mbele ya lango la kambi ya mafunzo. Mu-yeol alikuwa amenyolewa kipara, na masikio yake yalionekana makubwa kuliko yalivyowahi kuonekana. Mama yake mzazi alilia mpaka akaenda kukaa ndani ya gari. Ok-rye hakulia. Jana yake alikuwa ameanza kupika tambi kwa Bwana Ma, na chumba alikuwa amekipata juu ya stoo, kidogo, chenye dirisha moja. Karatasi ya kuacha kwa hiari ilikuwa bado haijasomwa. Bwana Tak alikuwa amepiga simu mara tatu, na mara ya tatu, kabla ya kukata, aliuliza kwa sauti ya chini kama ile kimchi ingeweza kuuzwa.

"Mama mdogo," alisema Mu-yeol, "nikitoka nitakuwa na miaka ishirini na minane. Nani atakuwa bado analicheza?"

"Yule mtoto wa pale karibu na choo alikuja jana kuuliza kama utarudi. Ameniambia anajifunza. Anacheza vibaya sana."

Mu-yeol alicheka. Ok-rye alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akakagua kidole kimoja kimoja kama alivyofanya kila asubuhi ya mechi kwa miaka tisa. Ilikuwa baridi. Aliisugua mpaka ikapata moto.

"Wakikupa koleo, omba glavu. Wakikataa, omba tena. Pilipili usishike. Mikono hiyo ina mechi."

Mu-yeol aliinama mbele yake, akageuka, akaenda na makuruta wenzake kuelekea langoni, mikono ameitumbukiza mifukoni ili isipoe. Askari wa zamu akampigia kelele aitoe. Mu-yeol aliitoa, lakini si kwa haraka.